Kisima Kilichonyamaza

Kisima cha uchunguzi hakichotwi maji. Huchimbwa ili kamba ya kupimia iteremshwe ndani yake na kina cha maji kiandikwe daftarini, mwezi baada ya mwezi. Huko Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, kazi hiyo ilianza mwaka 1955, miaka 18 kabla ya mji huo kuteuliwa kuwa makao makuu ya nchi. Kutokana na kumbukumbu hizo, mwaka 2013 wataalamu walieleza kwamba hazina ile ya maji haijazwi na kila mvua inyeshayo, bali na misimu michache ya mvua kubwa mno. Msimu wa El Nino wa 1997/98 uliipita yote.

Msimu huo nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na nyuma ya mabweni yetu palikuwa na kisima cha namna hiyo. Wanachuo walikipima kila mwisho wa mwezi. Mito ilifurika, barabara zikakatika, lakini kipimo chetu hakikusogea hata shubiri moja. Nikaamini kwamba wanaandika wakiwa vitandani. Niliwakaripia wawili mbele ya wenzao.

Baadaye alikuja fundi wa maji. Alimimina ndoo ya maji kisimani, akapima, akangoja. Saa nzima ikapita, maji yamesimama palepale.

"Mwalimu," akasema, "hiki kimekuwa kiziwi. Tope limeziba matundu ya bomba."

Alisukuma hewa chini kwa kompresa, maji yakaruka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Akarudia kuyasukuma na kuyavuta mpaka changarawe zilizozunguka bomba zikasafika, maji yakatoka meupe. Kisha akatengeneza kifuniko kilichovunjika, maana mchanga uliingilia hapo. Kesho yake maji yalionekana yamepanda zaidi ya mita mbili.

Nilishika kalamu nijaze upya kurasa za nyuma kwa makadirio. Kijana yule akanizuia kwa adabu: "Uniwie radhi, Mwalimu. Andika tu kwamba kisima kilikuwa kimeziba. Tukibuni namba leo, wajukuu watachimba visima kwa uongo wetu."

Nimefundisha historia miaka mingi, nami sikupata funzo kubwa kuliko hilo. Shahidi akinyamaza, tazama kwanza kama kinywa chake hakikuzibwa. Wanachuo wale wawili niliwaomba radhi mbele ya wenzao walewale, na kurasa zile niliziacha kama zilivyokuwa.