Habari za Ushanga na Kazi ya Nyumbani Kolandoto

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Umoja wetu, wenzetu wameandika juu ya pamba, dengu na choroko, nasi tumeachiwa habari ya ushanga. Wako wanachama wasemao kwamba ushanga si jambo la kuandikiwa, kwa kuwa ni kazi ya akina mama ya kupitishia jioni baada ya shughuli za shamba. Hao twawaomba wasome kwanza.

Mwanzo wa kazi hii hauko mbali nasi. Barabara itokayo hapa Kolandoto, ikapita Lalago na Mwanhuzi, huelekea upande wa bonde la Ziwa Eyasi. Karibu na ziwa hilo, katika pango la Mumba, wachimbuzi wa mambo ya kale walipata shanga zilizofanywa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Ganda huvunjwa vipande, kila kipande hutobolewa katikati, kisha vyote hutungwa pamoja na kusuguliwa juu ya jiwe mpaka viwe mviringo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba yapata miaka 50,000 iliyopita watu wa mashariki na wa kusini ya Afrika walifanya shanga hizo kwa namna moja. Mtunga shanga wa siku zile hakununua kitu. Ganda aliliokota, jiwe lilikuwa lake, na wakati ulikuwa wake.

Ushanga wa kioo uliletwa na misafara. Ulitengenezwa Venice na Bohemia, ukashushwa Unguja, ukavushwa hadi Bagamoyo, kisha ukapanda bara juu ya mabega ya wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma. Burton, Mwingereza aliyefika Kazeh karibu na Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba biashara hiyo ilikuwa na aina zipatazo 400. Ushanga mwekundu uliitwa samesame, na tena kimarapamba, yaani unaomaliza masurufu (si hii pamba yetu ya ghalani), na tena kivunjamji, kwa kuwa wanawake waliupenda mno. Jina hilo la mwisho hatuliamini sana. Aliyeuza ndiye aliyefaidi, na lawama ikawekwa kwa mnunuzi.

Mwaka uliofuata, 1858, mwenzake Speke alipita Usukuma akielekea Mwanza, alikofika tarehe 3 Agosti. Alikuwa na ushanga mweupe tu, ilhali watu walitaka wa rangi, hata akapata taabu kununua vyakula. Jambo hili twalipenda. Laonyesha kwamba bibi zetu hawakuwa watu wa kupokea kila kilichong'aa. Walijua watakacho na wakakataa wasichokitaka. Lakini rangi waliweza kuichagua, bei hawakuweza, kwa kuwa gunia lilikuwa mikononi mwa mwingine.

Siku zile ushanga ulikuwa fedha. Kwa huo mtu alinunua unga na mbuzi, na wenye misafara wakatoa hongo kwa watemi. Mwaka 1897 serikali ya Wadachi ilipoamuru kodi ya nyumba, na baadaye rupia na shilingi zilipoenea, ushanga uliacha kuwa fedha ukabaki kuwa pambo. Wachezaji wa Bagika na Bagalu waliuvaa ngomani, na mfano wa mapambo hayo waweza kuonekana hata leo katika makumbusho ya Wasukuma huko Bujora.

Hapa yafaa tutaje jirani zetu wa Mwadui. Mwaka 1940 Dk. Williamson aligundua almasi huko, na mwaka 1947 ikapatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati zipatazo 54, ambayo alipewa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya arusi yake. Ilipokwisha kukatwa zilibaki karati 23.6, ikatiwa katika bruchi yenye umbo la ua. Basi jiwe la kwetu lilikwenda kuwa pambo la Ulaya, na kioo cha Ulaya kilikuwa kimekwisha kuwa pambo la kwetu.

Sasa tuje kwa kazi ya leo. Mama wa Kolandoto hutunga mikufu, bangili, hereni, mikanda, na shanga za makubazi. Vifaa vyake ni sindano, uzi wa nailoni na taa. Ushanga wenyewe bado hutoka mbali: China, India, na Jamhuri ya Cheki, ambayo ndiyo Bohemia ile ile ya zamani. Yeye huununua katika vifuko vidogo, uliokwisha kupita mikononi mwa wengi, na kila mkono umeongeza chake. Kisha huuza bangili kwa kuhesabu ushanga na uzi peke yake. Saa tatu za macho na vidole hazimo katika hesabu. Mchuuzi ajaye kununua analijua hilo vema kuliko sisi.

Huko Uganda wako wanawake, wengi wao Waacholi waliokimbia vita vya kaskazini, waliofanya njia nyingine katika viunga vya Kampala. Hukata karatasi za magazeti na kalenda zilizokwisha kutumika kuwa pembetatu ndefu nyembamba, huzisokota kuanzia upande mpana, hutia gundi, na zikikauka huzipaka vanishi. Ushanga huo ni mwepesi, na rangi zake hazifanani. Tumeujaribu hapa: wafaa sana kwa mikufu, kwa mikanda haufai, na maji si rafiki yake.

Kwa sababu hizo vikundi vya ushanga vimeleta maombi mawili, nayo yatasomwa mbele ya Mkutano Mkuu ujao. La kwanza, Umoja ununue ushanga wa kioo kwa gunia, kama ununuavyo dawa za pamba, na kuwagawia wanachama kwa bei ya ununuzi. La pili, saa za kazi ziandikwe katika bei ya kila kitu kiuzwacho kwa jina la Umoja. Hesabu za maombi yote mawili zimo ofisini, na mwanachama yeyote aweza kuzitazama asubuhi ya siku za kazi.