Kikoa cha Makoma: Urafiki wa Utotoni na Usaliti katika Utendi wa Fumo Liyongo

Wahakiki wa Utendi wa Fumo Liyongo kwa kawaida huanza na kimo cha shujaa na nguvu zake, kisha hufikia kifo chake kwa sindano ya shaba. Baina ya mambo hayo mawili lipo tukio fupi ambalo aghalabu hutajwa kwa sentensi moja na kuachwa, nalo ni kikoa cha makoma. Makala haya yanadai kwamba tukio hilo ndilo linalofichua jinsi utendi unavyouelewa urafiki, na hasa ule urafiki wa watu waliokua pamoja, ambao katika miji ya visiwa vya Lamu ulikuwa ni utaratibu wa jamii kabla ya kuwa ni hisia ya moyo. Dai hili lina ugumu wake. Utendi haumpi Liyongo hata rafiki mmoja wa utotoni mwenye jina. Anaingia katika hadithi akiwa mtu mzima, tena pandikizi la mtu, kana kwamba hakupata kuwa mtoto. Hata hivyo utoto umo ndani ya utendi, na ni adui zake wanaoukumbuka.

Matini yanayozingatiwa hapa ni ya Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa takriban mwaka 1855 na kufariki 1945, fundi wa nakshi, bingwa wa khati, mwanamuziki na mshairi. Kijuma aliuandika utendi huu mwaka 1913, katika miaka ambayo wataalamu wa Ulaya, Alice Werner akiwa miongoni mwao, walikuwa wakitafuta miswada ya Kiswahili katika pwani ya kaskazini. Kabla yake, mwaka 1870, Edward Steere alikuwa ameichapisha hadithi ya Liyongo kwa nathari mjini London, katika mkusanyo wa ngano alizozipata Unguja. Katika miaka iliyofuata utendi wa Kijuma umehaririwa mara kadhaa, na wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanaufahamu kupitia Tenzi Tatu za Kale ya M. M. Mulokozi (1999). Zama alizoishi Liyongo mwenyewe zimezua mjadala mrefu, na hapa si mahali pa kuuendeleza. Linalohitaji kukumbukwa zaidi ni zama za Kijuma. Masimulizi ya kale yalipita katika mkono wa mtu wa Lamu wa mwanzo wa karne ya 20, na mkono huo haukuwa mtupu.

Kisa chenyewe kinafahamika. Mfalme wa Pate anamhofu Liyongo na anataka auawe. Hapeleki askari. Anapatana na Wasanye na Wadahalo, watu wa mwituni waliosifika kwa uwindaji na kwa upinde, nao wanamwalika Liyongo wale kikoa. Siku ya makoma inapofika, wanakubaliana kwamba kila mtu atapanda mkoma kwa zamu yake na kuwaangulia wenzake. Zamu ya Liyongo ikifika, naye akiwa juu ya mti, atapigwa mishale. Lakini ilipofika zamu yake Liyongo hakupanda. Alitwaa upinde, akayaangusha makoma kwa mishale, wenzake wakala.

Neno kikoa linahitaji kutazamwa kwa makini, kwa kuwa wasomaji wa leo huweza kulichukua kuwa ni karamu tu. Kikoa ni ulaji wa pamoja ambamo kila mshiriki huwa na siku yake ya kuwalisha wengine. Leo ni kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka mzunguko utimie. Msingi wake si ukarimu, maana mkarimu hutoa bila ya kuhesabu, na katika kikoa hesabu ndiyo roho ya jambo. Anayekula siku ya mwenzake amejifunga na siku yake mwenyewe. Ni desturi ya watu walio sawa, yaani watu wa rika moja, na ni vigumu kuiwazia baina ya bwana na mtumwa wake au baina ya mzee na mjukuu. Watoto waliokaa jamvi moja chuoni na kutoka pamoja kwenda pwani hujifunza mapema usawa wa namna hiyo, kwamba mwenzako ni yule ambaye zamu yake huja baada ya yako.

Zaidi ya hayo, chakula chenyewe kinasema jambo. Koma si tunda la kumkaribishia mtu mkubwa. Ganda lake ni gumu na lina nyuzi, utamu wake ni haba, na mlaji huguguna zaidi kuliko anavyokula. Hulifurahia mtoto mwenye meno mazuri na muda wa kupoteza. Watu wazima wenye pinde, waliotumwa na mfalme kuua, wanapoketi chini ya mkoma na kupeana zamu za kuukwea, wanacheza mchezo wa utotoni. Mtego wao umepewa umbo la utoto, na hapo ndipo penye ubingwa wake. Kwenye baraza ya mfalme Liyongo angekuwa macho. Chini ya mti, pamoja na watu wanaobishana ni nani wa kupanda, hadhari hulegea, kwa sababu mazingira hayo yanamrejesha mtu katika umri ambao hakuwa na adui.

Lipo jambo jingine ambalo halikupewa uzito unaostahili. Waliokula kikoa na Liyongo hawakuwa wa rika lake. Hawakuwa hata watu wa mji wake. Mfalme alilazimika kukodi rika, na utoto uliotandazwa chini ya mkoma ulikuwa wa bandia tangu mwanzo. Je, wenzake wa kweli, wale waliozaliwa wakati mmoja naye, walikuwa wapi? Utendi umenyamaza. Yamkini mfalme hakuwaamini kwa kazi hiyo. Yamkini pia Kijuma, au waliomsimulia, hawakutaka doa hilo liwaangukie waungwana, na ikawa rahisi kuwatwika watu wa mwituni. Dhana ya pili ina uzito zaidi, kwa kuwa utendi haukuwapa Wasanye na Wadahalo sababu yoyote ya kumchukia Liyongo isipokuwa kutumwa.

Namna Liyongo anavyojiokoa nayo ina maana yake. Angeweza kukataa zamu, lakini kukataa kungekuwa kuvunja kikoa na kuwapa wenzake hoja dhidi yake. Anaitimiza zamu yake kikamilifu, watu wanakula makoma ya siku yake kama alivyokula ya siku zao, ila haupandi mti. Hivyo hakuna awezaye kusema kwamba Liyongo alikuwa wa kwanza kuivunja ahadi. Kwa kawaida tukio hili husomwa kama ithibati ya ulengaji wake. Ulengaji upo, lakini upinde hapa umetumika kulinda adabu ya kikoa mbele ya watu waliokwisha kuitupa.

Ulinganisho na ngano nyingine ya pwani utasaidia. Katika mkusanyo huohuo wa Steere imo hadithi ya kima na papa. Kima akiwa juu ya mkuyu humrushia papa matunda mpaka wanakuwa marafiki. Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na katikati ya bahari anamwambia kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini, papa anamrudisha kuufuata, na urafiki unakoma hapo. Asili ya ngano hii ni Bara Hindi, katika Panchatantra, na ilienea katika ulimwengu wa Kiislamu kupitia Kalila wa Dimna ya Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8. Katika Kalila mwenzake nyani ni kobe wa majini, na anayetaka moyo ni mke wa kobe, anayeuonea wivu urafiki wa mumewe. Katika masimulizi aliyoyaandika Steere mke hayumo, na mahali pake amewekwa sultani. Badiliko hilo si dogo. Wivu wa nyumbani umeondolewa, na urafiki unavunjwa na amri kutoka juu, kwa mkono wa rafiki asiye na chuki yoyote. Hali ya papa na hali ya Wasanye zinafanana sana.

Si pwani peke yake inayomhitaji mwenye mamlaka ili urafiki wa watoto uvunjike. Katika toleo moja la mwaka 1992 la The Simpsons, katuni ya Kimarekani ya maisha ya familia, mvulana Bart anamwona rafiki yake Milhouse akipotelea kwa msichana, anaona wivu, na anamfichulia siri baba wa msichana huyo. Baba anamhamishia binti yake katika shule ya watawa. Mtoto hana uwezo wa kutenganisha, kwa hiyo anauazima uwezo wa mtu mzima. Tofauti iko katika matokeo. Marafiki hao wanapigana, wanapatana, na juma linalofuata wako pamoja kana kwamba halikutokea lolote, kwa kuwa fani ya katuni za namna hiyo haina budi kuwarudisha wahusika mahali ilipowakuta. Utendi hauna juma linalofuata. Baada ya kikoa, Liyongo hali tena na wenzake. Anatiwa gerezani.

Na ni gerezani anapojitokeza mtu ambaye, kama utendi huu una rafiki, basi ndiye. Saada ni kijakazi wa mama yake Liyongo. Kila siku anampelekea mfungwa chakula, na kila siku askari wanakila kilicho kizuri na kumwachia makombo. Liyongo anamtuma kwa mama yake kwa maneno ya wimbo, ili askari wasifahamu. Mama anaoka mkate wa wishwa, anautia tupa ndani yake, na askari, kwa kuudharau mkate huo, wanampisha Saada nao. Usiku watu wakicheza gungu, kelele za ngoma zinaufunika mlio wa tupa, na Liyongo anakata minyororo.

Neno kijakazi halimwezeshi msomaji kuujua umri wa Saada. Kiambishi ki- huweza kudogosha mwili na huweza kudogosha hadhi, na katika lugha ya utumwa mambo hayo mawili yalichanganywa makusudi, mtu mzima akaitwa kwa jina la mtoto. Lakini katika majumba ya mawe ya Lamu na Pate watoto wa kitumwa na watoto wa kiungwana walilelewa chini ya paa moja, na mhusika wa aina ya Saada, anayeingia kwa mama na kutoka kwa mwana, ni mtu wa ndani. Anaijua lugha ya mafumbo ya nyumba ile. Wimbo ambao askari wanausikia na wasiuelewe, yeye anaufikisha ukiwa kamili. Uelewano wa namna hiyo hauzaliwi siku moja, na kwa mtu yeyote huru ungeitwa usahibu.

Hapa ndipo mwaka 1913 unapopata uzito. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, miaka sita tu kabla ya Kijuma kuuandika utendi. Kijuma alikuwa na umri wa takriban miaka hamsini wakati huo, na maisha yake yote ya utotoni na ujanani aliyaishi katika mji wa mabwana na watumwa. Anapomchora Saada anamchora mtu ambaye wasikilizaji wake wa Lamu walimfahamu, pengine kwa jina, pengine akiwa bado anaishi katika nyumba ileile bila ya kuitwa mtumwa. Anampa uaminifu usio na dosari. Hampi kikoa. Saada huchukua chakula lakini haketi kukila, na katika mpangilio wa utendi hakuna siku ambayo itakuwa ni zamu yake. Tupa ikishafika, hadithi inamwacha. Haelezwi kama aliadhibiwa na mfalme au kama alipewa uhuru na bibi yake. Joseph Mbele, aliyeandika mwaka 1986 kuhusu utambulisho wa shujaa katika utendi huu, alikwisha kuonyesha kwamba ushujaa wa Liyongo si jambo la kukubaliwa bila ya kuhojiwa. Swali hilo linafaa kumfikia Saada pia. Kazi iliyomshinda shujaa ilifanywa naye, na wala hakuhitaji upinde.

Haielekei kuwa Kijuma alikusudia kulaumu. Aliyapokea masimulizi na akayatunga kama yalivyostahili kutungwa. Lakini utendi unaoweka watu huru wanaokula kwa zamu na kusaliti kando ya kijakazi asiyekula na asiyesaliti, tena mbele ya hadhira ya mwaka 1913, umesema zaidi ya alivyosema mtunzi.

Kifo cha Liyongo hakihitaji kusimuliwa kwa kirefu. Mfalme anamrubuni mwanawe (baadhi ya mapokezi humtaja mpwa) kwa ahadi ya kumwoza binti yake, mtoto anamwuliza babake ni kitu gani kiwezacho kumwua, na baba, ambaye si kwamba hashuku, anamwambia. Hila ya kikoa ilishindwa kwa sababu ilikuwa na kanuni, na Liyongo aliyeijua kanuni aliweza kuigeuza. Baina ya baba na mwana hapakuwa na zamu wala hesabu, na hapakuwa na kitu cha kugeuza. Kijana hakuozwa, akafa akidharauliwa.

Liyongo alifia kando ya kisima, amepiga goti, mshale ukiwa upindeni, na watu wa mji wasithubutu kuteka maji kwa kudhani yu hai. Aliyeombwa kumwendea ni mama yake, naye alimbembeleza kwa nyimbo mpaka mwili ukaanguka. Waliokula naye makoma hawatajwi pale kisimani. Saada, ambaye kuteka maji huenda kulikuwa ni kazi yake ya kila siku, naye hatajwi.