Mwingiliano wa Vipindi vya Tarehe

Mwingiliano wa vipindi, katika ilimu ya hifadhidata, ni hali ya vipindi viwili vya tarehe kushiriki japo siku moja. Mwenye kuanza kulitafakari jambo hili huelekea kuorodhesha sura zote ziwezekanazo za uhusiano wa vipindi viwili, ambazo mtaalamu wa kompyuta James F. Allen, mwaka 1983, alizihesabu kuwa 13. Ilhali njia fupi ni kuligeuza suali na kuuliza ni lini vipindi havikutani kabisa, nalo jibu ni kwamba havikutani pale tu kimoja kinapokwisha kabla ya kingine kuanza. Basi, maadamu kila kipindi kina mwanzo uutanguliao mwisho wake, yatosha kila kimoja kianze kabla ya mwisho wa mwenziwe, wala hapana haja ya sharti la tatu.

Taabu iko mipakani. Mgeni aliyepanga chumba tangu tarehe 3 hadi 7 Agosti hutoka asubuhi ya tarehe 7, na mwingine huingia jioni yake. Siku ya mwisho ikihesabiwa kuwa imo, mfumo utamkataa huyu wa pili pasi na sababu. Ndipo kanuni ya SQL, lugha ya hifadhidata, ya mwaka 1992, katika neno lake OVERLAPS, ikauhesabu mwanzo na kuuacha mwisho, na hiyo ndiyo desturi bora. Mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL, tangu toleo la 9.2 la mwaka 2012, ina aina maalumu ya data kwa vipindi, ambayo huulizia mwingiliano kwa alama &&, na mwisho ulioachwa mtupu huchukuliwa kuwa hauna ukomo.