Kadi Nzima, Draiva Iliyokufa

Kompyuta ya mezani inayofika Gonja, Upareni, mara nyingi imekwishafanya kazi miaka kadhaa kwingine. Imezeeka katika ofisi ya Ulaya au ya Ghuba, ikauzwa kwa jumla, ikapita Kariakoo, ikapakiwa kwenye basi hadi Same, kisha ikashuka na barabara ya Kisiwani mpaka Maore. Windows mpya haiikubali tena, kwa hiyo fundi anaiwekea Linux. Mashine inawaka vizuri na kila kitu kinakwenda, mpaka zamu ya kadi ya grafiki ya Nvidia. Video inakatakata, au skrini inabaki nyeusi. Kadi yenyewe ni nzima kabisa. Kilichokufa ni draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi, na historia ya kifo hicho inawagusa watumiaji wa mitumba kuliko mtu mwingine yeyote.

Linus Torvalds alianza kuandika Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Finland, akauacha msimbo wake wazi ili yeyote ausome na kuurekebisha. Nvidia ilianzishwa Marekani miaka miwili baadaye. Mwaka 2000 ikatoa draiva zake za Linux, lakini zikiwa zimefungwa. Sehemu ndogo ya juu ilisomeka. Kiini chake kilikuja kama faili lililokwisha kutafsiriwa kwa lugha ya mashine, lisilofunguliwa na mtu. Kampuni ilieleza kuwa ndani yake mna siri za biashara na teknolojia za wengine ambazo haina ruhusa ya kuzianika.

Matokeo yake fundi anayajua. Kerneli, moyo wa Linux, hubadilika mara kwa mara, na kila inapobadilika ile sehemu ya juu sharti ijengwe upya ili ilingane nayo. Dell walitoa programu ya DKMS mwaka 2003 ili kazi hiyo ijifanye yenyewe, na bado inahitaji vifaa vya kujengea programu, vichwa vya kerneli hiyohiyo, na draiva inayoweza kufikia mamia ya megabaiti. Anayetegemea bando la simu chini ya milima ya Upare anahisi kila megabaiti.

Mwaka 2004 ulileta matumaini makubwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, chini ya mradi wa Kilinux. Mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alizindua Ubuntu, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, mtu aliweza kuagiza CD yake ikamfikia kwa posta bila malipo. Kazi ya Kilinux ilistahili heshima kuliko iliyopata. Ila Kiswahili kwenye menyu hakikuweza kuifungua draiva. Toleo la Ubuntu la Aprili 2007 lilipunguza adha kwa kuweka kidirisha cha kuchagua draiva zilizofungwa kwa kubofya tu, badala ya kuandika amri kwenye skrini nyeusi.

Kurahisisha usakinishaji hakukurefusha uhai wa draiva. Nvidia ilikuwa ikiyagawa matoleo yake katika matawi kwa umri wa kadi, na kila tawi lilikuwa na siku ya mwisho. Tawi la 304, lililohudumia GeForce 6 na 7, lilifungwa mwishoni mwa 2017. La 340, la GeForce 8 na zilizofuata, lilifungwa mwishoni mwa 2019. La 390, la mfululizo wa 400 na 500, likafuata mwishoni mwa 2022. Baada ya hapo kerneli inasonga mbele na kiini hakisongi. Wapo wanaojitolea kuishona upya ile sehemu ya juu, lakini kiini hawawezi kukigusa.

Wapare wanalijua jambo hili kwa upande wa maji. Ndiva, bwawa dogo linalokusanya maji ya mfereji usiku ili yamwagilie mashamba mchana, hudumu vizazi na vizazi kwa sababu ukuta wake unaonekana, na kila aliyeitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, anajua ufa wa kuziba uko wapi. Draiva iliyofungwa ni ndiva ambayo mjenzi peke yake ana haki ya kuutazama ukuta. Siku akihama, maji yamekwisha.

Kuna waliokataa kungoja. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, kundi lililoanzishwa na Stéphane Marchesin liliunda draiva huria ya Nouveau bila kupewa maelezo yoyote. Watumiaji wa nchi mbalimbali waliendesha programu iliyorekodi yale ambayo draiva ya Nvidia iliandika ndani ya kadi wakati wa kuchora, wakatuma rekodi hizo, na watunzi wakazilinganisha mpaka wakaelewa kadi inaamrishwaje. Naiona kuwa kazi mojawapo ya uvumilivu mkubwa katika historia ya kompyuta. Februari 2010 Nouveau iliingia rasmi kwenye kerneli ya 2.6.33. Kadi za 2006 ambazo Nvidia imezitupa bado zinaonyesha picha kwa sababu yake, ingawa mara nyingi hazifikii kasi yake kamili. Kwa kadi za kuanzia mfululizo wa 900, uliotoka 2014, Nvidia ilidai sahihi ya kidijitali kwenye programu za ndani ya kadi, na Nouveau ikashindwa kupandisha kasi ya kadi hizo.

AMD walipita njia nyingine. Waliinunua ATI, watengenezaji wa kadi za Radeon, mwaka 2006, na Septemba 2007 wakatangaza kutoa maelezo ya kadi zao. Ndiyo maana Radeon nyingi za zamani zinatambuliwa na Linux ya leo bila kupakua kitu. Intel nao draiva zao ziko ndani ya kerneli. Nvidia ilifungua moduli zake za kerneli Mei 2022, lakini kwa kadi za kuanzia 2018 tu, ambazo Gonja zitafika baadaye.

Kwa hiyo anayenunua mtumba leo aende na fleshi yenye Linux, aiwashe mashine hapohapo dukani, na aandike lspci, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani ya mashine, kabla ya kutoa pesa. Akiona Intel au Radeon, kwa kawaida draiva ipo tayari. Akiona GeForce ya mfululizo wa 8 hadi wa 500, hiyo ni mashine ya Nouveau: inatosha kwa barua, masomo na hesabu za duka, na bei yake ipunguzwe ipasavyo.