Mgiriki alituandika, Tongoni tunaiacha ianguke

Hivi, ukisikia maneno "magofu ya kale", akili yako inakimbilia wapi? Nimewauliza washikaji kadhaa, wote watu wa digrii, na karibu wote wamenijibu kitu kimoja: Ugiriki. Nguzo nyeupe za Parthenon, Athens, na ile sinema ya Troy ya mwaka 2004. Watalii wanalipa fedha za kutosha ili mwongozaji wao binafsi awazungushe nusu siku kati ya mawe hayo. Sina ugomvi nao. Mawe ya Wagiriki ni mazuri na Wagiriki wenyewe wanayatunza.

Ila nina swali. Kama Mgiriki wa kale angefufuka leo akauliza habari za pwani yetu, wewe uliyekariri majina ya Socrates na Plato ungemwambia nini? Maana yeye alishatuandika. Karibu miaka elfu mbili iliyopita.

Katikati ya karne ya kwanza baada ya Kristo, mtu mmoja aliyekuwa akiishi Misri, wakati ule ikiwa chini ya Warumi, aliandika kitabu kidogo kwa Kigiriki. Hakuandika jina lake. Kitabu tunakiita Periplus ya Bahari ya Erythra, na kwa Wagiriki bahari hiyo ilikuwa ni Bahari ya Shamu pamoja na Bahari ya Hindi. Usitegemee mashairi humo. Ni kitabu cha mfanyabiashara: bandari ipi iko wapi, unaingiaje, unauza nini, unanunua nini. Nakala yake ya karne ya 10 bado ipo Heidelberg, Ujerumani.

Pwani yetu anaiita Azania. Anataja kisiwa cha Menouthias, tambarare chenye miti, ambacho watu wake wana vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, na wanavua kwa mitego ya kusukwa kama vikapu. Baada ya mwendo wa siku mbili kutoka hapo anafika mji wa biashara wa mwisho wa Azania, Rhapta. Jina lenyewe anasema limetokana na vyombo vile vya kushonwa. Waliokuja kutoka Arabuni walileta mikuki, mashoka, visu na shanga za kioo. Walileta pia divai na ngano, siyo hasa za kuuza bali za kujipendekeza kwa wenyeji. (Kumbe takrima haikuanza na wanasiasa wetu!) Walichochukua ni pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Anaongeza kwamba manahodha wa Kiarabu walikuwa wakioa huku na wakijua lugha ya wenyeji.

Rhapta ilikuwa wapi? Hapo wataalamu wanagombana mpaka leo. Mwaka 1944 H. C. Baxter aliandika katika Tanganyika Notes and Records akiipigania Pangani. Wengine wanasema ni maeneo ya Dar es Salaam. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amechimba miaka mingi Rufiji na Mafia na anaielekeza huko. Ptolemy, mwanajiografia wa Alexandria wa karne ya 2, aliiweka Rhapta karibu na mto, ndani kidogo kutoka baharini. Ukisimama mlangoni mwa mto Pangani, utaelewa kwa nini wengine hawataki kukata tamaa na Pangani.

Mimi nilifika huko nikiwa likizo. Nilikaa Ushongo, kusini mwa mto, kilometa kama 15 hivi kutoka Pangani mjini. Ushongo ni minazi, mchanga mweupe, ngalawa na ukimya. Watu wa Tanga wana msemo wao, waja leo waondoka leo, lakini Ushongo ukija leo unaondoka wiki ijayo. Nikawaambia wenyeji kwamba nataka nusu siku ya magofu, mimi peke yangu, bila kundi. Wakacheka, kisha wakanikabidhi kwa mzee mmoja aliyekuwa mvuvi zamani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wataka kuona mawe tu, au wataka kuona na watu?"

Nikamwambia vyote. Basi akaanza na watu. Kabla hatujapanda gari alinipeleka chini ya mti walipokuwa wanasuka madema. Kama hujawahi kuliona, dema ni mtego wa samaki wa fito zilizosukwa, una mdomo wa kuingilia usio na njia ya kutokea. Nikamuuliza amefundishwa na nani.

"Na baba. Baba kafundishwa na babu. Huko nyuma zaidi usiniulize, sikuwapo."

Sikuwapo. Lakini yule mfanyabiashara wa Misri alikuwapo, akaona mitego ya kusukwa katika pwani hii hii akaona inafaa kuiandika. Sisemi kwamba dema la Ushongo ni lile lile la Menouthias. Ninachosema ni kwamba tukiwatafuta watu wa Azania kwa kutafuta nguzo za mawe tu, tutapita mbele yao bila kuwasalimu. Watu wa Rhapta hawakuacha nguzo. Vitu kama mti, makuti na kamba, ambavyo vyombo vyao vilishonwa navyo, vinaoza. Mtepe, chombo cha kushonwa cha Waswahili, uliendelea kusafiri pwani hii mpaka karne ya 20 ilipoanza. Huo ni umri mrefu kwa ufundi usiotumia msumari.

Mzee akaninyooshea mkono baharini, upande wa Maziwe. Enzi zake kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walikuwa wakipanda kutaga kwa wingi. Mwaka 1975 kikafanywa hifadhi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, bahari imekula ardhi, na leo Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Kasa wale ndio walioifanya Azania ijulikane Alexandria. Siku hizi mayai yanayotagwa Maziwe hayana usalama kwa sababu maji yanafunika fungu, hivyo watunzaji huyahamishia ufukwe wa bara, Ushongo.

Tukavuka mto, tukapita Pangani mjini. Hapo kuna historia nyingine inayodai makala yake: mwaka 1888 ndipo upinzani wa pwani dhidi ya kampuni ya Kijerumani ulipolipuka, na Desemba 1889 Bushiri bin Salim akanyongwa hapo hapo. Hatukusimama. Tulielekea kaskazini, barabara ya Tanga, mpaka Tongoni.

Tongo kwa Kiswahili ni mahame, mahali palipohamwa. Kwa hiyo jina lenyewe linakwambia unakwenda kuona nini. Pamebaki kuta za msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa, na makaburi yapatayo 40. Zaidi ya 20 kati ya hayo yalijengewa nguzo, na hakuna mahali pengine Afrika Mashariki penye makaburi ya nguzo mengi hivyo kwa pamoja. Mji ulistawi karne ya 14 na 15. Kwenye nguzo utaona vishimo vya mviringo. Humo zilipachikwa bakuli za kauri kutoka ng'ambo. Bakuli zimeondoka, vishimo vimebaki kama macho yaliyong'olewa. Nguzo nyingi zimeanguka, na vipande vimelala kwenye nyasi.

Usije ukadhani hapa palikuwa kijiji kisichojulikana. Aprili 1498 meli ya São Rafael ya msafara wa Vasco da Gama ilikwama kwenye mafungu ya pwani hii, ikiwa njiani kwenda Mombasa. Mabaharia wakaiona milima ya Usambara kwa mbali wakaipa jina la meli yao. Wenyeji walikuja na vyombo wakiwa na machungwa ambayo Wareno wenyewe waliyasifu kuliko ya kwao. Januari 1499 wakirudi kutoka India, mabaharia wengi walikuwa wamekufa na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Wakaichoma moto São Rafael hapa hapa. Walikaa siku 15, wakibadilishana mashati na bangili kwa kuku wa wenyeji. Mji wameuandika Tamugate, yaani Mtangata, jina la zamani la eneo hili.

Sasa sikiliza. Kabla ya kuichoma meli waliondoa sanamu ya mbao ya malaika Rafaeli. Sanamu hiyo ipo mpaka leo kwenye makumbusho ya bahari, Lisbon. Kipande cha mti, zaidi ya miaka 500, hakijaliwa na mchwa. Sisi tuliachiwa mawe, na mawe yanatushinda.

Nikamuuliza mzee swali ambalo kila mgeni huuliza: nani alijenga hapa?

"Wageni wakija huambiwa Washirazi. Wengine huambiwa Waarabu," akajibu. "Mimi nawauliza, je, waliokata mawe na kuchoma chokaa walitoka wapi?"

Swali la mzee ni zito kuliko linavyosikika. Kwa miaka mingi wanahistoria wa kikoloni walifundisha kwamba kitu chochote cha mawe katika pwani hii kilijengwa na watu wa nje, kana kwamba Mwafrika hawezi kupanga jiwe juu ya jiwe. Lakini makaburi ya nguzo ni ya pwani hii, kutoka Somalia mpaka Tanzania. Ukienda Uajemi kutafuta wenzake wa Tongoni utarudi mikono mitupu. Nayo matumbawe yalikatwa humu humu.

Na tusidanganyane kwa upande wa pili pia, kwamba hakuna mgeni aliyewahi kuchanganya damu na sisi. Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa zamani, wengi wao waliozikwa katika miji ya Waswahili kati ya mwaka 1250 na 1800. Kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili ilikuwa ya Afrika, hasa upande wa mama. Sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa baba, na mchanganyiko ulianza mnamo mwaka 1000. Kwa hiyo bibi zetu wa Kiafrika wamo na babu wa Kishirazi wamo, na mji ni wa watoto wao. Mambo ya wageni kuoa huku yule mwandishi wa Kigiriki aliyaona mapema zaidi ya hapo.

Hiyo ndiyo sababu Tongoni inaniuma. Nguzo ikianguka, kinachopotea ni ushahidi katika kesi ambayo bado inasikilizwa. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Tongoni inalindwa kwa sheria hiyo. Karatasi ipo. Lakini karatasi haizuii mvua wala mizizi, wala haimzuii mtu anayeona jiwe la bure la kujengea. Kinachozuia ni watu wa kutosha wanaoona kwamba kuna kitu cha kupoteza.

Na hapo ndipo wewe na mimi tunapoingia. Magofu ya Ugiriki hayakusimama kwa sababu mawe yao ni magumu kuliko yetu. Yamesimama kwa sababu watoto wanapelekwa na shule kuyaona, wageni wanalipa, mafundi wanaajiriwa, na serikali ikizembea wananchi wanapiga kelele. Hapa kwetu mtu anazaliwa Tanga mjini, kilometa zisizofika 20 kutoka Tongoni, anamaliza chuo, anapata kazi Dar, na hajawahi kusimama mbele ya kaburi moja la nguzo. Halafu tunalalamika kwamba wageni wanaandika historia yetu. Nani mwingine aiandike?

Sikukuu ijayo, kabla ya kukimbilia Zanzibar kupiga picha, tafuta nusu siku. Ukitokea Dar, Kaole iko Bagamoyo, na Kunduchi iko jijini humo humo. Ukiwa Tanga, nenda Tongoni. Mlipe mwongozaji wa kijijini, usimwombe punguzo. Usiokote kigae hata kimoja. Ukikutana na mvuvi anasuka dema, msalimie na umuulize amefundishwa na nani. Halafu niambie umejibiwa nini.