Nyumba ya bao na kasisi wa Minnesota: historia ya kanuni za baraza

Katika maduka ya vinyago ya Arusha mjini utakuta mabao ya namna mbili. Dogo hukunjwa katikati kama kitabu, lina safu mbili za mashimo sita sita, na mtalii anayetoka Serengeti hufundishwa kulicheza pale pale dukani. Kubwa ni bao la Kiswahili: safu nne, mashimo manane kila safu, kete 64. Hilo hulijui kwa siku moja. Nje ya maduka kuna la tatu, la wafugaji wa nyanda zinazouzunguka Mlima Meru, enkeshui ya Wamasai, lenye safu mbili ndefu ambazo idadi ya mashimo yake hubadilika kutoka mahali hadi mahali.

Mabao matatu katika mji mmoja na nyanda zake, na kila moja lina watu wanaoamini kwamba kanuni zao ndizo zenyewe. Ndiyo maana wachezaji waliolelewa mahali tofauti hawagusi kete kabla ya kukubaliana: tunacheza za wapi? Wengi huyaona makubaliano hayo kuwa jambo dogo la kumaliza haraka ili mchezo uanze. Mimi nayaona ndiyo moyo wa mchezo, na historia yake ni ndefu. Kwenye miamba ya Hyrax Hill karibu na Nakuru, alikochimbua Mary Leakey kuanzia 1937, yamo mashimo ya bao yaliyochongwa na watu wa kale. Ng'ambo ya bahari, Waomani wana hawalis, safu nne za mashimo saba saba. Kila baraza lilichukua wazo lile lile la kugawa kete na kula, likalitengeneza kwa namna yake.

Kazi ngumu kuliko zote katika matengenezo hayo ni kumzuia aliyezidi nguvu bila kumnyang'anya raha. Tazama shimo linaloitwa nyumba. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na katika zile 10, sita zimo ndani ya nyumba. Kete zikizidi kulundikana humo, mwenye nyumba hungoja wakati wake, kisha huzimwaga zikazunguka na kumaliza safu ya mbele ya mwenzake. Nguvu ya aina hiyo ikiachwa huru, hakuna mchezo.

Kwa hiyo nyumba imewekewa masharti. Wakati wa namua, yaani hatua ya kuingiza kete za mkononi, mtu aliyekula na kete yake ya mwisho ikaangukia nyumbani huchagua: alale au asafiri. Akilala, zamu imekwisha, hazina imebaki. Akisafiri, nyumba imevunjika, na shimo hilo litakuwa shimo la kawaida hadi mwisho wa mchezo hata likijaa tena kete. Na asipokuwa na kula, wala shimo jingine la mbele la kutakatia (kutakata ni kugawa kete bila kula) ila nyumba yenyewe, haruhusiwi kuimwaga. Huchota kete mbili tu. Ni mizani ya hali ya juu: nguvu kubwa, ambayo mwenyewe anaweza kuitumia mara moja tu.

Kutakasia, yaani kulifunga shimo la mwenzake, ni mfano mwingine, na hapo ndipo mabishano ya barazani huwaka. Katika hatua ya mtaji, kete za mkononi zikiwa zimekwisha, mchezaji asiye na kula hutakata. Akimaliza, mwenzake naye akawa hana kula, na likabaki shimo moja tu la mwenzake linaloweza kuliwa, shimo hilo hufungwa. Mwenye nalo hawezi kutakata kutoka humo ili kuzinusuru kete. Ila ikiwa shimo hilo ni nyumba ambayo haijavunjika, halifungwi. Ila ikiwa ndilo pekee lenye kete katika safu ya mbele, halifungwi. Ila ikiwa ndilo pekee la mbele lenye kete zaidi ya moja, halifungwi. Nikizisoma hizo "ila" tatu, naona baraza lililokaa, likaona mtu anaonewa, likarekebisha. Mtafiti Mholanzi Alexander de Voogt alikaa na mabingwa wa Zanzibar na mwaka 1995 akachapisha kitabu kizima kuhusu umahiri wao.

Mbali na hapa, watu wasiojua bao walipita njia ile ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika jimbo la Minnesota, Marekani, Dave Arneson alikuwa akiongoza mchezo wa mezani wa aina mpya. Kila mchezaji aliigiza mhusika mmoja, naye msimamizi aliwaeleza wanachokiona na kilichowapata. Mchezaji mmoja alikuwa mnyonya damu aliyeitwa Sir Fang, akazidi nguvu hata hakuna aliyemweza. Arneson hakumfukuza mezani. Aliongeza kazi mpya ya mhusika, kasisi, mwenye uwezo wa kuwatimua wafu watembeao. Mwaka 1974, yeye na Gary Gygax walipotoa Dungeons & Dragons kwa nakala 1,000 za kwanza, kasisi alikuwa mmoja wa wahusika watatu wa kitabuni, pamoja na mpiganaji na mchawi. Dawa ya ugomvi wa meza moja ikawa kanuni ya dunia.

Mchawi wa mchezo huo huanza dhaifu, na uchawi mmoja tu, lakini akikua humwacha mpiganaji mbali. Gygax alijaribu kuwasawazisha kwa kasi ya kupanda ngazi: ili kufika ngazi ya pili mpiganaji alihitaji pointi 2,000, mchawi 2,500, kasisi 1,500, na mwizi, aliyeongezwa 1975, pointi 1,200. Meza nyingi ziliona haitoshi, zikajitungia kanuni zao. Toleo la 2000 liliwapa wote jedwali moja, na mchawi akazidi kutawala. Toleo la 2008 liliwapa wote muundo unaofanana. Hapo wachezaji wengi walilalamika kwamba kila mhusika sasa ana ladha moja, wakahamia Pathfinder, mchezo wa 2009 ulioendeleza kanuni za zamani. Naona walikuwa na haki. Kusawazisha kwa kuwafanya wote wafanane ni kuua mchezo, na waliotunga masharti ya nyumba ya bao waliliepuka kosa hilo.

Tukirudi kwenye bao, hata kwa mwanafunzi baraza lina utaratibu wake. Bao la kujifunza huanza na kete mbili katika kila shimo, bila namua, mpaka mkono uzoee.

Kuziandika kanuni si jambo geni: uwanja wa mpira wa Arusha una jina la Sheikh Amri Abeid. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na elimu waliyokuwa nayo malenga ikapata maandishi ambayo kijana yeyote angeweza kujifunza. Kanuni za baraza zinastahili heshima hiyo hiyo, si kwa kuzilazimisha ziwe moja, bali kila moja na mahali pake. Wewe unayecheza Ngaramtoni, Tengeru au Usa River, liwe bao, enkeshui au drafti ya vizibo vya soda, kaa na wazee wa baraza lako uandike mnavyocheza, na kila "ila" iliyomo. Weka jina la mahali na mwaka, kisha peleka nakala Maktaba ya Mkoa.