Msichana Aliyeponywa Kitabuni

Ukimwambia mtu wa mtaani kwetu kwamba kuna watu wanalipwa kwa kukaa kitini na kusikiliza matatizo ya wenzao, atacheka. Atakwambia kazi hiyo bibi yake aliifanya bure maisha yake yote, tena huku anachambua mchele. Hata mimi nilicheka. Neno ushauri nasaha tumelizoea tangu ukimwi uingie nchini, lakini wengi tunadhani ni kupewa maneno: fanya hivi, acha vile. Kumbe mmoja wa mianzo yake haukuwa hivyo kabisa. Aliyesema alikuwa mgonjwa, na daktari alinyamaza akasikiliza.

Twende basi Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1880. Kuna binti wa miaka 21 anaitwa Bertha Pappenheim, wa familia tajiri ya Kiyahudi yenye kushika dini. Ana akili kali, lakini shule yake iliishia alipofika miaka 16, kwa sababu ni mwanamke. Mdogo wake wa kiume yeye aliendelea hadi chuo kikuu. Bertha kabaki nyumbani anadarizi, anangoja mume. Sasa mtu wa namna hiyo mawazo yake yataenda wapi? Alijitungia hadithi kichwani mchana kutwa, mikono ikiendelea na kazi, na watu wa nyumbani wasijue kitu. Mwenyewe aliziita thieta yake ya binafsi. Sisi tunaotunga hadithi kwenye daladala hadi tunapitiliza kituo tunamwelewa vizuri sana.

Julai ya mwaka ule baba yake akaugua mapafu. Bertha akawa ndiye wa kukesha naye usiku. Usiku mmoja, mkono umelala juu ya mgongo wa kiti, akaona nyoka mweusi anatoka ukutani kumwendea mgonjwa. Akataka kumfukuza, mkono ukagoma, ulikuwa umekufa ganzi. Akataka kuomba dua, hakuna lugha iliyokuja, ila vishairi vya Kiingereza vya watoto. Kuanzia hapo mambo yakaharibika: kikohozi, macho yasiyoona sawasawa, mkono wa kulia uliopooza. Halafu kikaja kioja kikubwa kuliko vyote. Kijerumani, lugha aliyozaliwa nayo, kilimtoka. Akawa anaongea Kiingereza tu, na wauguzi hawaambulii kitu.

Madaktari wa wakati ule waliuita ugonjwa wa namna hiyo histeria, na wengi waliudharau kama vitimbi vya wanawake. Aliyeletwa kumtibu, Josef Breuer, hakuudharau. Alikuwa na miaka 38, mtafiti mwenye jina, lakini pia daktari wa majumbani anayekuja jioni na kukaa kitandani pa mgonjwa. Ndipo akagundua kwamba jioni binti huyu huzama katika hali kama ya usingizi, na katika hali hiyo, ukimtajia neno moja alilolinong'ona mchana, anaanza kusimulia hadithi. Hadithi nzuri, za huzuni, na karibu zote zilianzia mahali pamoja: msichana kaketi kando ya kitanda cha mgonjwa, ana wasiwasi. Akimaliza anatulia. Asipopata kusimulia, kesho yake ni balaa.

Utaratibu huu Bertha ndiye aliyeupa jina. Kwa kile Kiingereza chake aliuita tiba ya kusema, na akitaka utani aliuita kufagia dohani, kama wale mafundi wanaokwangua masizi kwenye mabomba ya moshi ya nyumba za Ulaya. Nasisitiza hapo. Jina hilo, ambalo hadi leo maprofesa wanalitumia, hakulitunga profesa yeyote. Lilitoka kwa msichana mgonjwa aliyezuiwa kusoma.

Baba alifariki tarehe 5 Aprili 1881, na Bertha akazidi kuwa mbaya, hadi akahamishiwa nje ya mji kwa hofu ya kujiua. Kiangazi kile, joto kali, akawa hawezi kunywa maji. Akiinua bilauri hadi mdomoni anaisukuma, anaishi kwa matikiti na matunda kwa wiki kama sita. Jioni moja katika hali yake ile akaanza kumlalamikia mwanamke wa Kiingereza aliyekuwa akikaa naye nyumbani. Alisema aliingia chumbani kwa mama huyo akakuta kijibwa chake kinakunywa maji kwenye bilauri. Alichefukwa, lakini kwa adabu akanyamaza. Alipokwisha kutoa hasira yote akaomba maji, akanywa mengi, na shida ile haikurudi tena.

Breuer alishtuka, na nani asingeshtuka? Basi kila dalili ikafuatwa kinyumenyume hadi siku ilipoanzia. Hali ya kutosikia mtu anapoingia chumbani peke yake ilihesabiwa mara 108. Katika majira ya baridi yaliyofuata Bertha akawa anaishi mwaka wa nyuma, siku kwa siku, na shajara ya mama yake ikathibitisha kwamba tarehe hazikosei. Tarehe ya kumaliza aliipanga mwenyewe: 7 Juni 1882. Akapanga chumba kifanane na kile cha baba yake, akasimulia yule nyoka, na Kijerumani kikarudi.

Ndivyo ilivyoandikwa. Breuer alimsimulia mkasa huo rafiki yake kijana, Sigmund Freud, mwezi Novemba 1882, na mwaka 1895 wawili hao wakauchapisha katika kitabu chao cha utafiti juu ya histeria. Humo Bertha anaitwa Anna O. Ukitazama, ni mchezo mdogo wa herufi: B imerudi nyuma ikawa A, P imerudi ikawa O. Kitabu kinasema aliondoka Vienna kwenda safari, ilichukua muda mrefu kutulia, na tangu hapo ana afya njema kabisa.

Freud alijenga nyumba kubwa juu ya msingi huo. Polepole aliacha kuwalaza watu usingizi wa hipnosi. Mgonjwa mwingine ndani ya kitabu hichohicho alimkaripia kwamba aache kumuuliza kila saa hiki kimetoka wapi, amwache aseme anachotaka kusema. Freud akamwacha aseme. Mwaka 1896 akaanza kutumia neno saikoanalisia, yaani uchambuzi wa nafsi, kwa imani kwamba yale tuliyoyazika bila kujua ndiyo yanayotuendesha. Na alipokwenda Marekani kutoa mihadhara mwaka 1909 alianza na mgonjwa wa Breuer, na kisa cha bilauri kikiwemo.

Hapa naomba nitoke kidogo nje ya historia. Miaka michache nyuma niliandika hadithi juu ya binti wa shangazi yangu, ambaye namwita dada. Alifiwa na mtoto, na kwa miezi mingi hakuwa akisema na mtu. Niliona hadithi haiwezi kuisha hivyo, msomaji atasononeka. Basi nikamfanya siku moja sokoni asikie mtoto wa mtu anacheka, naye akacheka, mwisho. Nilijiona fundi. Alipoisoma aliniuliza, "Mbona umeniponya, mdogo wangu? Nani kakwambia nimepona?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nilipokutana na habari za Anna O. sikulala vizuri.

Kwa sababu mwaka 1972 mwanahistoria Henri Ellenberger alitoa makala iliyovuruga ule mwisho. Alikuwa na picha ya Bertha, kavaa nguo za kupandia farasi, yu mzima wa afya. Ilikuwa ya mwaka 1882, na imepigwa na mpiga picha wa Konstanz, mji wa mpakani mwa Ujerumani na Uswisi. Ellenberger akajiuliza: binti wa Vienna alifuata nini huko? Jirani na hapo, Kreuzlingen, palikuwa na hospitali ya matajiri wenye maradhi ya akili. Akabisha hodi, na faili likapatikana. Bertha alilazwa pale Julai 1882, wiki chache tu baada ya ule mwisho mzuri, ana maumivu makali ya uso na amezoea mofini kiasi cha kutoweza kuiacha. Kijerumani nacho kilikuwa bado kinampotea saa za jioni. Alitoka Oktoba. Baadaye, kati ya 1883 na 1887, alilazwa tena mara 3 karibu na Vienna.

Je, Breuer alidanganya? Mimi nasema alifanya kama mimi. Mwaka 1895 Bertha kweli alikuwa mzima. Breuer aliruka tu ile miaka katikati, ambayo tiba yake haikuifuta, na msomaji akaachwa aamini kwamba kusema peke yake kulitosha. Wapo waliokuja kudai hata ugonjwa wenyewe haukuwa wa nafsi bali wa ubongo. Mjadala huo siuwezi.

Maisha ya Bertha baada ya kitabu ndiyo riwaya hasa. Mwaka 1888 alihamia Frankfurt na mama yake. Akaanza kuandika hadithi za watoto, na mwaka 1890 akatoa kitabu kwa jina la Paul Berthold: safari hii herufi kazipindua yeye mwenyewe. Aliongoza nyumba ya mayatima. Mwaka 1899 akatoa tamthilia juu ya haki za wanawake, na mwaka huohuo akatafsiri kwa Kijerumani kitabu cha Mwingereza Mary Wollstonecraft juu ya haki hizohizo. Mwaka 1904 alianzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani, na 1907 nyumba ya wasichana na watoto wasio na pa kwenda, huko Neu-Isenburg. Alisafiri hadi Mashariki ya Kati kufuatilia biashara ya kuuza wasichana. Alifariki Mei 1936, miaka miwili kabla Wanazi hawajaichoma nyumba ile.

Katika vitabu vyote hivyo hakuchapisha habari za ugonjwa wake. Kitu kimoja tu kilikutwa kwenye makaratasi ya Kreuzlingen: taarifa fupi aliyoiandika kwa mkono wake, kwa Kiingereza, jinsi lugha yake inavyompotea. Ni ya daktari wake, si ya dunia.

Dunia haikungoja ruhusa. Mwaka 1953 Ernest Jones, aliyeandika maisha ya Freud, alimtaja kwa jina lake kamili. Akaongeza kwamba jioni ya mwisho alipatwa na mimba ya uongo, kwamba Breuer alikimbia na mkewe kwenda Venice, na kwamba huko ndiko mimba ya binti yao ilikotungwa. Lakini binti huyo alizaliwa 11 Machi 1882, miezi mitatu kabla ya jioni yenyewe! Hesabu ya darasa la tatu, na bado watu walisimulia uongo huo kwa miaka. Mwaka uliofuata, 1954, Ujerumani Magharibi ikatoa stempu yenye sura ya Bertha, kwa heshima ya kazi yake ya kusaidia watu.

Makala hii nilimsomea dada kabla ya kuileta. Alisikiliza hadi mwisho, akachukua kalamu akafuta mstari mmoja niliokuwa nimeutaja mtaa wake. Kisha akauliza kama ile hadithi ya sokoni bado ninayo. Nikasema ninayo. Akasema, "Iache kwanza."